Jinsi ya kuusikia, kuurekodi na kuulinda mwanzo wa noti kwenye udi, fidla na dumbak

Chukua noti moja ya udi uliyorekodi mwenyewe, kata ile sehemu ya kumi ya sekunde ya mwanzo, afu mpigie mtu mwenye sikio zuri la muziki asikilize bila kuangalia skrini. Muulize ni chombo gani. Mara nyingi atasita kwanza, anaweza akasema kinanda, anaweza akasema akodiani, au akakwambia hiyo ni sauti ya kompyuta tu. Noti ni ileile, uzi ni uleule, kilichoondoka ni milisekunde 100, lakini hizo ndo zilikuwa zimebeba jina la chombo. Na hizo hizo ndo watu wengi wanaorekodi taarab nyumbani wanazipoteza bila kujua, mara zinaliwa na simu, mara na kompresa (kifaa kinachobana sauti kubwa), mara na mkono wenyewe wa mpigaji, kisha wanasema udi wao hauna uhai na wanaanza kuongeza besi na reverbu (mwangwi wa chumba) juu ya kitu ambacho kishakatwa kichwa.

Watu waligundua hili zamani sana. Carl Stumpf, mwanasaikolojia kule Berlin, aliliandika 1926, kwamba ukimficha msikilizaji mwanzo na mwisho wa noti anaanza kuchanganya vyombo. 1948 Pierre Schaeffer, aliyekuwa anafanya kazi redioni Paris, alirekodi kengele ila akaruka pigo lenyewe, akaanza kunasa baada ya kengele kugongwa, na alichopata kilimfanania oboi, ile ala ya kupuliza. Alafu 1987 Roland wakatoa kinanda chao D-50, enzi hizo memori ni ghali vibaya, kwa hiyo wakaweka sempo halisi (vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa) za mwanzo wa noti tu, ule mguso wa uzi, ile pumzi ya filimbi, na sehemu inayofuata ikatengenezwa na sintesaiza yenyewe, na masikio ya watu yakakubali. Fikiria hapo, kampuni nzima imejenga kinanda juu ya jambo hili moja.

Sasa tuingie kazini. Unahitaji kompyuta yoyote yenye Audacity (ni bure), maiki moja ya maana kiasi, na chumba kisichokuwa na feni inayovuma. Kama huna maiki tumia simu, ila tafuta programu ya kurekodi inayokubali WAV na uzime kila kitu kinachopunguza kelele au kinachopandisha na kushusha sauti chenyewe. Hivyo vitu vimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeongea, vikisikia tak kali ya risha (kile kijiti cha kuvutia nyuzi za udi) vinadhani ni kelele vinaibana, na ukimya ukirudi vinapandisha sauti ya chumba. Rekodi kwa 44.1 kHz, maiki iwe kama sentimita 30 hadi 50 kutoka kwenye udi, ielekee pale kati ya tundu na pale nyuzi zilipofungwa, isitazame tundu moja kwa moja maana hapo utajaza mvumo wa hewa ya ndani. Kilele cha sauti kisizidi -6 dB. Hapa usifanye ubahili wa nafasi, kilele cha mwanzo ni kirefu kuliko noti yote inayofuata, ukiseti levo kwa kuangalia noti ikiwa imeshatulia, pigo la kwanza litagonga dari na kukatika, na likikatika limekatika.

Piga noti moja. Iache ife yenyewe. Piga tena, kwa nguvu ileile. Fanya hivyo kwa udi, kwa fidla, kwa nai (filimbi ya mwanzi) kama unaye mpigaji, noti ileile kwa wote.

Sasa zumu, Ctrl na 1, endelea kuzumu hadi uone mstari wenyewe unavyopanda na kushuka. Kwenye udi utaona mstari umelala, afu ghafla fujo, mistari imebanana haina mpangilio, afu polepole umbo fulani linaanza kujirudia, linajirudia, linajirudia hadi noti inaisha. Ile fujo ndo tunayoizungumzia. Ichague kwa mausi na chini Audacity itakuonyesha ina urefu gani. Kwenye fidla fujo inakuwa ndefu zaidi na haianzi kwa kishindo, inakua. Kwenye nai kabla ya noti utaona manyoya ya pumzi kwanza, noti inazaliwa ndani ya pumzi. Angalia picha hizi hadi uzizoee, baada ya muda utakuwa unatambua chombo kwa macho kabla hujabonyeza plei.

Jaribio la kukata linafanywa hivi: chagua milisekunde 100 za kwanza, futa, afu weka fedi ya kupandisha sauti ya kama milisekunde 10 pale ulipokata. Hiyo fedi usiiruke, maana mstari ukianzia juu ghafla unatoa mlio wa "tik", na huo "tik" ni mwanzo mpya umeuzalisha wewe, sikio litadhani chombo kimegongwa. Sawazisha levo za vyombo vyote, changanya mpangilio, mpigie mtu. Afu jaribu na kugeuza noti nzima irudi nyuma, ile Reverse iliyopo kwenye menyu ya Effect. Udi ukigeuzwa unakuwa kama akodiani inayovutwa na kukatwa ghafla, na hapa hujapunguza wala kuongeza kitu, harmoniki zote (zile sauti za juu zilizomo ndani ya noti moja) zipo kwa kiasi kilekile. Kilichobadilika ni mpangilio wa muda tu. Kwangu mimi hili la kugeuza ndo ushahidi mzito kuliko lile la kukata, na ndo namwonyesha kwanza kila anayebisha.

Kwa nini iwe hivyo? Uzi ukivutwa na risha unakuwa pembetatu, umenyooka pande mbili na una kona pale risha ilipo. Risha ikiachia, ile kona inakimbia huku na huku, na ndani yake kuna harmoniki nyingi zimeanza kwa wakati mmoja. Za juu zinakufa haraka, za chini zinabaki. Kwa hiyo ule ung'avu wote wa udi unausikia mwanzoni, baadaye unasikia kilichosalia. Na juu ya hapo kuna vitu ambavyo wala sio noti: mkwaruzo wa risha kwenye uzi, ubao wa uso kushtuka, hewa ya ndani ya tumbo la udi kutikisika. Vinaisha haraka, havimo kwenye notesheni yoyote, ila bila hivyo huna udi.

Mpiga udi anaweza kuamua mengi hapa kwa mkono wake. Jambo la kwanza ni mahali pa kupigia. Nyuzi za udi zinazotetema zina urefu wa kama sentimita 60. Ukipiga sentimita 12 kutoka pale zilipofungwa, hiyo ni moja ya tano ya uzi, na harmoniki ya 5 inakosekana, ya 10 nayo, kwa sababu huwezi kuamsha mtetemo kwa kuuvuta pale ambapo wenyewe umetulia. Ukienda katikati kabisa, sentimita 30, zinakosekana za 2, 4, 6 na kuendelea, unapata sauti ya mviringo, yenye shimo ndani. Ukirudi karibu na mafungio unapata makali. Kaa na udi, piga noti moja ukisogea sentimita mbili mbili, rekodi zote, afu zisikilize mfululizo. Wapigaji wazuri wanasogea hivi ndani ya taksimu moja (kipande anachobuni mpigaji papo hapo) bila hata kufikiri.

La pili ni risha yenyewe. Ncha nyembamba inaacha kona kali kwenye uzi, ncha nene au ya mviringo inaacha kona butu, na kona butu maana yake harmoniki za juu ni chache. Kidole ni butu zaidi. Hakuna iliyo sahihi peke yake, ila ujue unachagua nini. Na la tatu ambalo watu hawaliangalii kabisa: piga noti moja mara nyingi haraka, rekodi, zumu. Kabla ya kila pigo utaona kakimya kadogo, mstari unanyauka ghafla halafu ndo fujo mpya inakuja. Hiyo ni risha imeshagusa uzi ambao bado unatetema, imeuzima kwa muda mfupi kabla ya kuuachia. Ukiikawiza risha juu ya uzi, kimya kinarefuka na mfululizo unasikika umekatika katika hata kama spidi yako iko sawa. Ukiipitisha haraka kwa mkono mlegevu kimya kinakaribia kupotea. Nimeona watu wanahangaika na metronomu kumbe tatizo lao liko kwenye hako kakimya, wala si spidi.

Fidla ni habari nyingine na inahitaji subira. Upinde uliopakwa rozini unaushika uzi, unauvuta, uzi unaponyoka, unashikwa tena. Kila kitu kikiwa sawa uzi unaponyoka mara moja tu kwa kila mzunguko, hii Helmholtz, mwanafizikia Mjerumani, aliieleza karne ya 19. Shida ni kufika hapo. Mwanzoni uzi haujajua mpangilio, na ukikandamiza sana huku upinde unaenda taratibu unapata mkwaruzo kama mlango unaofunguliwa, ukiwa mwepesi sana huku upinde unakimbia uzi unaponyoka mara mbili tatu kwa mzunguko na unasikia mluzi au mlio wa juu uliojitenga na noti. Knut Guettler na Anders Askenfelt walichapisha 1997 utafiti wa kiasi gani cha fujo wapigaji wenyewe wanakivumilia, wakakuta mkwaruzo unavumilika hadi kama milisekunde 50, na ule mwanzo mwepesi wa mluzi hadi kama 90. Kwenye uzi wa chini wa fidla, ule wa G unaotetema mara 196 kwa sekunde, milisekunde 50 ni mizunguko kumi hivi. Yaani una mizunguko kumi ya kujipanga, baada ya hapo kila mtu kasikia.

Zoezi lake: weka upinde juu ya uzi kabla ya kusogea. Uweke na uzito kidogo. Sogeza upinde nusu milimita tu bila kutoa sauti, usikie kwenye kidole cha shahada kwamba uzi umeshikwa, umenasa. Sasa vuta, na mara tu uzi unapoachia punguza uzito, usisubiri. Rudia kwa uzi mmoja, rekodi, zumu, pima fujo ina milisekunde ngapi. Ukiona inapungua unaenda vizuri. Kwa zile noti laini zinazoingia kama moshi upinde unatua ukiwa tayari unatembea, hapo unakubali mluzi kidogo mwanzoni, na kwenye taarab unapendeza mno kwenye mwitikio wa baada ya mwimbaji.

Dumbak, ile ngoma ndogo ya kupigwa kwa mikono, naipitia haraka kwa sababu mwenye mkono anajua. Pigo la katikati linaamsha mitetemo ile ya ngozi nzima kupanda na kushuka pamoja, ndo dum. La ukingoni linaamsha mingi ya juu, ndo tak. Kanuni kubwa hapa ni muda wa mguso: kidole kikikaa juu ya ngozi, mitetemo yote ambayo mzunguko wake ni mfupi kuliko huo muda inazimwa na kidole chenyewe. Ndo maana tak inataka kidole kiondoke kama kimegusa moto. Piano nayo iko hivyohivyo, nyundo yake inakaa kwenye uzi kama milisekunde 4 kwa noti nene, na chini ya 1 kwa noti za juu kabisa, na nyundo iliyokuwa ngumu kwa kuzeeka inakaa muda mfupi zaidi ndo maana inalia kama bati.

Ukishapata mwanzo mzuri kutoka kwa mpigaji, kazi inayobaki ni kutouharibu. Anza na maiki mbili. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mita moja ni karibu milisekunde 3. Ukiweka maiki moja karibu na udi na nyingine mita moja nyuma, ukichanganya tu, pigo linafika mara mbili kwa tofauti ya milisekunde 3, husikii mapigo mawili ila unasikia pigo limefubaa, limetoboka toboka. Zumu kwenye treki zote mbili, tafuta lile pigo la kwanza, sogeza ile ya nyuma hadi ziendane, afu sikiliza kama umependa. Wakati mwingine jibu ni kutumia maiki moja tu.

Kompresa ndo muuaji mkubwa. Kile kitufe cha ataki kinasema kompresa ichelewe kiasi gani kabla ya kubana. Ukiweka milisekunde 1, inaukamata mwanzo wa noti na kuuponda, noti inayofuata inabaki nene, sauti inaonekana imekuwa kubwa na unafurahi, kumbe risha imeenda. Kwa udi na kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa) anza na milisekunde 20 hadi 30, ibane desibeli 3 au 4 tu, mwanzo upite mzima kisha ndo kompresa ishike. Na ukilinganisha na bila kompresa sawazisha levo kwanza, maana kilicho juu kidogo sikio linakipenda bila sababu. Ukitumia geti ya kuzima kelele hakikisha ina uwezo wa kuchungulia mbele, la sivyo inafunguka baada ya pumzi ya nai kushapita, na nai bila pumzi ni filimbi ya kinanda cha bei rahisi. Reverbu nayo ipe predilei (kuchelewa kabla mwangwi haujaanza) ya milisekunde 20 hadi 40 ili pigo lisimame peke yake kidogo kabla chumba hakijajibu.

Kuna la kwenda pamoja, na hili linawahusu sana wanaotengeneza modern taarab kwenye kompyuta. Noti inayokua polepole sikio linaisikia imeanza baadaye kuliko ilipoanza kweli. Joos Vos na Rudolf Rasch kule Uholanzi walilionyesha 1981. Kwa hiyo ukichukua nyuzi za kinanda, zile fidla nyingi laini, ukazikwantaizi zianze palepale na kanuni na dumbak kwenye gridi (mistari ya mapigo kwenye skrini), macho yanaona zimenyooka lakini masikio yanasikia fidla zimechelewa, zinaburuta bendi nzima. Zisogeze mbele, jaribu milisekunde 20, jaribu 40, kama zina mwanzo wa polepole sana nenda hata 60, fumba macho usikilize usiangalie gridi. Kwenye orkestra la watu halisi wapiga fidla wanafanya hivi wenyewe, wanaanza kidogo kabla, hakuna anayewaambia. Besi nayo iangalie, uzi mnene kabisa wa dabo besi unatetema kama mara 41 kwa sekunde, mzunguko mmoja peke yake ni milisekunde 24, kwa hiyo noti yenyewe inachelewa kueleweka na kinachoshika taimu ni ule mguso wa kidole. Watu wakisafisha besi kwa kukata sauti zote za juu wanakata na taimu.

Mwisho kuna kutuma. MP3 inabana sauti kwa vipande, kipande kirefu kina sempo 576 (sempo hapa ni vipimo vidogo vya sauti, 44,100 kwa sekunde), karibu milisekunde 13, na uchafu wa kubana unasambaa kwenye kipande kizima, hata kwenye ule ukimya uliotangulia pigo. Ndo maana kwenye MP3 iliyobanwa sana kanuni inasikika kama ina vumbi mbele ya kila noti. Tumia 256 au 320 kbps, au baki na WAV. Kwenye WhatsApp usimtumie mtu kwa voisi noti, ile imetengenezwa kwa maongezi, tuma faili kama dokumenti lifike lilivyo, na umwambie asikilize kwa hedifoni, spika ya simu haiwezi kumpa lile tumbo la udi.